Mbweha Alikufa Mwezi wa Tano

Kaka yangu Lameki alikuwa fundi umeme wa magari pale Kagondo, kwenye gereji ya mzee Awadhi. Gari likikataa kuwaka, wenzake walifungua kila kitu. Yeye alikaa kwanza, akamwambia dereva azungushe ufunguo, akasikiliza, kisha akanyoosha kidole mahali pamoja. Mara nyingi alipatia.

Magari mengi yaliyofika pale yalikuwa yametumika Japani, na mengine yalikuja na vitu vya wenyewe wa kwanza: miwani, mwavuli, kitabu cha watoto. Mwaka 2019 lililetwa moja lenye begi jeusi chini ya tairi la akiba. Ndani mlikuwa na mashine ya gemu, padi moja na diski moja. Mwenye gari, mwalimu mstaafu, alisema hataki mambo hayo nyumbani kwake, Lameki achukue. Lameki akaunga transfoma, maana umeme wa Japani ni mdogo kuliko wetu, akaichomeka kwenye runinga yetu ya chogo. Jioni ile, nyumbani Kaagya, tukamwona kijana mwenye upanga mrefu akitembea kwenye theluji, na nyuma yake mbweha mweupe mwenye kengele shingoni.

Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani, na watu wa mle ndani walizungumza Kijapani. Hatukuelewa hata salamu. Lameki hakujali. Alisema upanga hauhitaji mkalimani. Kila Jumapili baada ya ibada alicheza saa mbili, akiua mazimwi yenye pembe na majoka ya mtoni, na mimi nilipita na ndoo au na nguo za kufua, nikatupa jicho, nikaenda zangu. Lameki alimpenda mbweha kuliko wote. Kijana akikaribia kushindwa, mbweha aliruka mbele kupokea pigo, na kengele yake ikalia.

Machi 2021, kule gereji, betri ya gari ililipuka usoni mwa Lameki. Alikuwa ameinama kuondoa chaja, ikatoka cheche moja. Mzee Awadhi alimmwagia maji, akambeba mwenyewe hadi hospitali, na baadaye tukapelekwa Mwanza. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia liliona mwanga miezi miwili, kisha nalo likafunga. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Mama yetu alifariki nikiwa darasa la sita, na baba miaka miwili kabla ya ajali ile. Baba alikuwa amemwachia Lameki kibanja, kama ilivyo desturi yetu: migomba, kahawa na nyumba ya bati. Wakati wa ajali mimi nilikuwa nimeshahamia mjini Bukoba, nikifanya kazi kwenye duka la stationari, nikichapa barua za watu, wasia, mikataba ya kuuziana viwanja. Nikaacha, nikarudi Kaagya kumtunza.

Hakuwa mgonjwa tena, lakini hakutoka kitandani. Nilimpikia ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, na maharage, nikakuta sahani kama nilivyoiacha. Hakuoga mpaka nimlazimishe, na nikimlazimisha alinitukana. Siku moja jirani yetu Ma Jovitha alinikuta naanika kahawa, akaniita pembeni.

"Evodia, kaka yako ameniuliza kamba ya mbuzi iko wapi."

"Mbuzi gani?" nilisema. Hatukuwa na mbuzi tangu matanga ya baba.

Ma Jovitha aliutazama mlango wa chumba cha Lameki. Tulitazamana. Nikaingia stoo, nikaitoa ile kamba, nikampa akakae nayo kwake. Kisha nikaenda kufuta vumbi kwenye mashine ya gemu.

Lameki aliposikia ule muziki wa mwanzo alikuwa amelala ameelekea ukutani.

"Zima," alisema.

"Nataka kujifunza."

"Utafundishwa na nani?"

"Na wewe. Si una masikio?"

Nilikufa mara kumi na moja alasiri ile. Mara ya kumi na mbili aliketi kitandani kwa hasira. "Wewe unapiga tu kama unatwanga. Msikilize yule zimwi. Akivuta pumzi, ruka pembeni. Akikohoa, piga." Nikasikiliza. Zimwi likavuta pumzi, nikaruka. Likakohoa, nikapiga. Likaanguka. Usiku ule Lameki alikula.

Basi tukawa tunacheza kila siku baada ya chakula cha mchana, nikishatoka shambani. Mimi nilikuwa mikono na macho, yeye masikio na akili. Alijua kila adui kwa mlio wake. Nilimweleza kilichoko: mlima huu ni mweusi, huyu bibi amevaa kofia ya majani, daraja limevunjika katikati. Hapo nilisema kweli tupu. Tatizo lilikuja aliponiuliza, "Wanasema nini?"

Nilijaribu kusema kweli hata kwa hilo. Simu yangu ilikuwa na kile kitu cha kuelekeza kamera kwenye maandishi kikatafsiri. Nikaielekeza kwenye runinga ya chogo, ambayo picha yake hucheza kama uso wa maji, na simu ikaniambia, "Ng'ombe wa jana ni asante." Nikajaribu tena. "Mlango mchuzi."

"Simu inasema nini?" Lameki aliuliza. Alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kitanda. Kwa miezi mitano sikuwahi kumwona akitaka kujua kitu.

"Inasema," nilijibu, "mbweha anamwambia kijana kwamba safari ni ndefu, ale kwanza."

Akacheka kidogo. "Mbweha ana akili."

Ndivyo nilivyoanza. Sikukaa nikapanga kumdanganya mtu. Lakini mbweha akishaanza kusema, hawezi kunyamaza kesho yake. Nikampa mbweha maneno, nikawapa wafalme majina, nikakipa kisa kichwa na miguu: kijana ameibiwa jina lake na mchawi wa barafu, anatafuta falme saba ili alirudishe. Nilitunga nikipalilia, nikaja kusema mchana. Na nikagundua kwamba maneno ambayo mimi nikimwambia kaka yangu ananitukana, mbweha akiyasema anayapokea. Mbweha alimwambia kijana kwamba shujaa asiyeoga adui humnusa kutoka mbali. Siku iliyofuata Lameki aliniomba maji ya kuoga. Mbweha alisema mkono unaweza kuona. Wiki ile ile Lameki alitoka nje akishika ukuta, akaniomba nimfikishe kwenye mibuni, na akaanza kuchuma kahawa kwa kupapasa, mbivu akiitambua kwa ulaini wake.

Ma Jovitha alisema ni maombi. Nilimwacha aamini hivyo.

Mwezi wa tano mwaka uliofuata, Ma Jovitha alimpeleka Lameki kliniki mjini. Nikabaki peke yangu. Tulikuwa tumekwama siku tatu kwenye lango la hekalu, nikasema nifanye mazoezi ili akirudi tupite. Nilipita. Ndani mbweha alitangulia, akageuka, akaanza kukua. Akawa mkubwa kama nyumba, macho yakawaka, kengele ikakatika shingoni ikaanguka sakafuni. Nilidhani kuna njia nyingine. Nilimsimamisha kijana bila kupiga, mbweha akamuua. Nikarudia, nikamkimbiza kila pembe ya hekalu, mbweha akamuua. Mara ya nne nikapiga. Alipokufa alirudi mdogo kama mwanzo, na kijana akapiga magoti mbele yake. Niliweka padi chini nikalia kama mtu aliyefiwa, mimi niliyejua kabisa kwamba ni gemu.

Niliendelea peke yangu siku za Jumapili, Lameki akiwa kanisani na Ma Jovitha, nikizima sauti. Nilitaka kuona kama mwishoni mbweha anafufuka. Mwezi wa saba nilifika mwisho. Hakufufuka. Majina ya Wajapani yakapita kutoka chini kwenda juu, basi.

Kabla ya siku ile ya kliniki Lameki alikuwa ameshaniambia neno moja tukiwa tunamenya ndizi. Alisema, "Tukiimaliza hii gemu, sijui nitakuwa naamka kwa ajili ya nini." Alilisema kwa kawaida, kama mtu anayesema mvua itachelewa. Mimi nikakumbuka kamba.

Kwa hiyo aliporudi kliniki nilimwambia lango limefunguka, nikafungua mahali pa zamani nilipokuwa nimehifadhi, kabla ya hekalu, mbweha akiwa hai na kengele yake. Tukaendelea kutembea huko huko. Mabonde tuliyopita mwaka jana nikayapa majina mapya. Mazimwi tuliyokwisha kuua nikayaita wadogo zao. Mara moja Lameki aliinua kichwa. "Huu muziki tuliusikia zamani."

"Wanarudia," nilisema. "Hawa watu wanapenda kurudia."

Akakubali. Alikubali kila kitu. Tukaenda hivyo mwaka mmoja na nusu.

Baba yetu mdogo, Ta Mwesiga, alikuwa anaishi Muleba. Kabla ya ajali alikuja kwetu Krismasi na misiba. Oktoba 2023 alikuja Jumanne, na begi la mkononi. Alikunywa chai, akasifia kahawa, akamwambia Lameki kwamba serikali inataka vibanja vyote viandikwe, na kwa kuwa yeye Lameki ana hali ile, ni vizuri ukoo umwandike baba mdogo kuwa msimamizi. Karatasi anayo. Dole gumba tu.

"Evodia atasoma," alisema Lameki.

Nikasoma. Nilikuwa nimechapa karatasi za namna ile kwa mamia. Juu iliandikwa kwa herufi kubwa *Hati ya Usimamizi na Uhamisho wa Ardhi*. Aya ya kwanza na ya pili zilihusu usimamizi. Aya ya tatu ilisema Lameki kwa hiari yake anauza na kuhamisha kibanja chote kwa mtu mmoja wa kutoka nje ya ukoo, mtu nisiyemjua, na kwamba baba mdogo atapokea kwa niaba yake.

"Inasema unauza," nilimwambia. "Aya ya tatu. Kibanja chote, na nyumba."

Lameki akamgeukia baba mdogo, mahali sauti yake ilipokuwa. "Mimi nauza, baba?"

"Lugha ya sheria ni ngumu," alisema Ta Mwesiga. "Dada yako anasoma anavyotaka."

"Evodia hajawahi kunisomea uongo," alisema Lameki.

Nilikuwa nimesimama na karatasi mkononi. Sikujisikia fahari.

Ta Mwesiga aliondoka bila ugomvi. Akarudi Desemba, wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, na safari hii alikuja na mwanawe Dastan, aliyekuwa mwalimu wa kompyuta kwenye shule moja Muleba. Dastan alikuwa mtu mpole, wa miaka kama ishirini na mitano, anayeomba radhi hata akikaa kwenye kiti. Waliniletea senene waliokaangwa, nikaenda jikoni kuchemsha chai. Nikamsikia Dastan sebuleni akisema, "Kaka, kumbe una hii mashine?"

"Washa," alisema Lameki, kwa furaha ya mwenyeji. "Washa uone tulipofika."

Ningekimbia. Nilijua ilinipasa kuizuia. Lakini sufuria ilikuwa mikononi mwangu, na mpaka niiweke chini, muziki ulikuwa umeshaanza.

"Hii!" alisema Dastan. "Hii mimi nimeicheza chuoni. Ya kwangu ilikuwa ya Kiingereza. Nimeimaliza mara mbili."

Sikuwahi kumwona Lameki amefurahi hivyo tangu apofuke. Hatimaye alikuwa amepata mtu wa kuzungumza naye. "Sisi tuko ufalme wa sita," alisema. "Ule wa Malkia Nyakato. Tumebakiza mmoja, kijana arudishiwe jina lake. Wewe yule mchawi wa barafu ulimpigaje?"

Dastan aligeuka kutoka kwenye runinga.

"Mchawi yupi, kaka?"

"Aliyeiba jina."

"Hakuna aliyeibiwa jina," alisema Dastan taratibu. "Yule kijana ni askari aliyetoroka vita. Na hapa si ufalme wa sita. Hapa ni bonde la pili, bado karibu na mwanzo." Nadhani aliona nimesimama mlangoni, akataka kupunguza makali. "Lakini hapa ni pazuri. Mbweha bado yuko hai."

"Bado?" alisema Lameki.

Dastan akanitazama. Mimi nilitazama sakafu.

"Evodia."

"Niko hapa."

"Mbweha amekufa?"

Ningeweza kusema Dastan amekosea. Lameki angeniamini mimi, siku ile angeniamini bado. Lakini baba mdogo alikuwa pale ananitazama, na nilikuwa nimechoka.

"Amekufa," nilisema.

"Lini?"

"Mwezi wa tano. Mwaka jana. Ulipokwenda kliniki."

"Aliuawa na nani?"

"Na kijana mwenyewe. Ndivyo gemu ilivyo. Nilijaribu njia zote."

Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya goti, anahesabu. "Miezi kumi na tisa," alisema. "Na simu? Ile tafsiri?"

"Simu haikuwahi kusoma kitu."

"Kwa hiyo aliyeniambia nikaoge ni wewe."

"Lameki..."

"Aliyeniambia mkono unaona. Aliyeniambia nisamehe watu wa gereji. Ni wewe. Nilikuwa nakaa hapa namjibu mbweha, mtu mzima na ndevu zangu, na wewe unanitazama."

"Sikukucheka hata siku moja."

"Sijui," alisema. "Mimi sioni."

Nilipiga magoti mbele yake nikamshika mikono. Nilimwambia kuhusu kamba, mbele ya watu wote. Hilo lilikuwa kosa lingine, maana hakujua kwamba Ma Jovitha aliniambia. Akaivuta mikono yake.

Ta Mwesiga sasa alisogeza kiti chake karibu na kiti cha Lameki, akasema kwa sauti ya chini, ya mtu mwenye huruma, "Mwanangu, mimi nilikuambia Oktoba. Msichana huyu hana mahali pa kwenda. Kibanja kikiandikwa kwenye ukoo, yeye atakaa wapi? Usimlaumu sana. Anatetea tumbo lake."

"Baba mdogo anasema uongo," nilisema.

"Na wewe?" aliuliza Lameki. "Wewe unasema nini?"

Nilimgeukia baba mdogo.

Karatasi ilikuwa imeshatoka kwenye begi. Lameki akanyoosha mkono, akaipokea, akaipapasa kana kwamba ingekuwa na mbivu na mbichi. Kisha akaielekeza upande wa Dastan. "Soma wewe. Wewe umenieleza ukweli leo bila kuogopa mtu."

Dastan aliichukua. Niliona macho yake yakishuka mpaka aya ya tatu, yakasimama pale. Akamtazama baba yake. Ta Mwesiga alikuwa anakunywa chai.

"Imeandikwa *Hati ya Usimamizi*," alisema Dastan.

"Malizia," nilimwambia. "Malizia mstari huo huo tu. Usimamizi na nini?"

"Ni habari ya usimamizi, kaka," alisema Dastan.

Niliruka nikaikamata ile karatasi. Dastan hakuipigania, Ta Mwesiga ndiye aliyenishika mkono, na ikachanika katikati. Nikakikunja kile kipande changu nikakitia kifuani. Nilidhani nimeokoa kitu. Ta Mwesiga akafungua begi tena. Alikuwa na nakala nne.

Lameki alikuwa amesikia karatasi ikichanika. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. "Mtu anayesoma kweli hachani," alisema. "Baba, nipe huo wino."

Alilipaka dole gumba wino wa bluu, baba mdogo akamwongoza mkono mpaka mahali pake, mara nne. Nilipiga kelele. Ma Jovitha alikuja mbio na jembe akidhani tumevamiwa, na alipofika dole la nne lilikuwa limeshawekwa, na Ta Mwesiga akamwomba awe shahidi. Alikataa. Haikubadilisha kitu, walipata mashahidi kwingine.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akanipeleka baraza la kata. Niliwapa kile kipande cha karatasi, nikawaeleza aya ya tatu. Wazee wa baraza walikuwa watu wa haki, walisikiliza mpaka mwisho. Wakamwita Lameki. Mmoja akamuuliza, "Ulisomewa hati kabla ya kuweka dole?"

"Nilisomewa," alisema Lameki.

"Na nani?"

"Na mwalimu."

"Ulielewa kwamba unauza?"

Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, nikamwona akigeuza sikio upande wa watu waliokaa. Habari ya mbweha ilikuwa imeshaenea Kaagya yote. Vijana walikuwa wanalia kama kengele akipita.

"Nilielewa," alisema.

Mwezi wa pili walikuja wapima ardhi wakapanda bikoni za mipaka. Mwezi wa tatu walianza kukata migomba. Ilikuwa na mikungu. Mwenye kununua alitaka kupanda parachichi, na nasikia zinaendelea vizuri. Nyumba ya baba waliitumia kama stoo ya mbolea. Lameki alikuwa ameshapelekwa Muleba tangu kabla ya baraza, nyumbani kwa Ta Mwesiga, ambaye aliwaambia watu kanisani kwamba hawezi kumtupa mtoto wa marehemu kaka yake. Mimi nilirudi mjini, nikapanga chumba Kitendaguro, na lile duka la stationari likanipokea tena. Nachapa mikataba. Akija mtu mzee asiyejua kusoma, namsomea yote mpaka chini, hata kama hajaniomba, na wengine hukasirika kwamba nawachelewesha.

Kabla ya kwenda Muleba mara ya kwanza nilikaa miezi minne nikijipa moyo. Nilimkuta kwenye chumba cha nyuma, karibu na jiko, anapukuchua maharage. Alikuwa amekonda. Alinijua kwa hatua kabla sijabisha.

"Ingia, Evodia."

Nikakaa kwenye gunia. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakapotea. Nikasema tu, "Wamekata migomba."

"Najua. Ma Jovitha alinipigia siku walipoanza. Nilisikia mapanga kwenye simu."

"Basi unajua nilisoma sawa."

"Nilijua kabla ya hapo. Tukiwa kwenye gari kuja huku, baba mdogo alizungumza na yule mnunuzi kwa simu, mimi nimekaa kiti cha nyuma. Alidhani nimelala. Tangu nipofuke watu wanadhani nimelala."

"Baraza lilikuwa bado halijakaa," nilisema. "Ulijua, ukaenda kusema ulielewa?"

Aliendelea kupukuchua. "Ningesema nini mbele ya watu wale? Kwamba dada yangu alinidanganya miaka miwili, kisha siku moja akasema kweli, na siku hiyo ndiyo nikakataa kumwamini? Walikuwa wanacheka tayari."

"Ningekufa kuliko kukucheka."

"Ungeniambia tu mbweha amekufa," alisema. "Ningelia siku mbili. Labda tatu. Nilikuwa nimempoteza mama, nikampoteza baba, nikapoteza macho. Ulidhani mbweha wa kwenye runinga ndiye atakayeniua?"

"Ulikuwa umeulizia kamba."

"Niliulizia kamba niwekewe njia ya kwenda chooni," alisema. "Nilitaka nifunge toka mlangoni hadi kule, nishike, niende mwenyewe bila kukuita."

Sijui kama ni kweli. Nimeligeuza neno hilo mara nyingi. Huenda ni kweli, huenda alilitunga pale pale ili liniume, na kama alilitunga, sina haki ya kumlaumu.

Nilimwambia nina chumba Kitendaguro. Ni kidogo lakini kina dirisha, na mzee Awadhi alikuwa amesema kuna kazi ya kusuka waya anayoweza kufanya kwa mikono. Nilimwomba aje tukae pamoja.

"Hapana."

"Hapa wanakudanganya, Lameki."

"Wananidanganya," alisema. "Lakini hawa sikuwahi kuwaamini."

Dastan nilimkuta barabarani nikitoka. Alisimama kama mtu anayetaka kusema, akaanza, "Dada, ningefanyaje, baba..." Nikampita. Nasikia aliomba uhamisho, yuko Biharamulo.

Nakwenda kumwona kila mwezi nikipata nafasi. Lameki hanifukuzi. Ananiachia nimfulie, nimkate kucha, tunazungumza habari za mvua na bei ya kahawa, na akimaliza ananishukuru vizuri, kama mtu anavyomshukuru nesi. Mwezi uliopita nilimpelekea shati. Alilipapasa kola, akapapasa vifungo kimoja kimoja.

"La rangi gani?"

"Bluu," nilisema. "Bluu ya kuiva."

"Haya. Asante."

Nikaaga, nikatoka. Nilikuwa nimefika kwenye uzio wa michongoma niliposikia akimwita mke wa baba mdogo, aliyekuwa anachambua mchele uani.

"Mama mdogo, hili shati ni la rangi gani?"

Sikusimama kusikia alivyojibiwa. Gari la Bukoba lilikuwa limeshaanza kupakia.